Kipakatalishi Kinapakata Nini?

Jamani wasomaji, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na wengine wenu mmeanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nimekuwa nikipigana na neno moja, na neno lenyewe limenipiga mweleka mbele za watu. Leo nalileta hapa hadharani.

Wanaonifahamu wanajua kwamba baada ya kumaliza digrii ya sayansi ya kompyuta nilirudi nyumbani Kanja, huku Embu, badala ya kubaki Nairobi kulipa kodi ya nyumba kwa mshahara wa kuungaunga. Nina chumba juu ya duka la dawa za mifugo, meza mbili, na intaneti ambayo mvua ikinyesha nayo huenda kujikinga. Mwaka huu nilipata kazi ya kutengeneza huduma ya sauti kwa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mfugaji anapigiwa simu, anasikia ujumbe kwa Kiswahili, anabonyeza 1 au 2, basi. Wengi wa wanachama ni wazee, na baadhi hawasomi, kwa hiyo maandishi yasingefaa. Ujumbe unaandikwa upande wa ofisi, kisha mashine inausoma kwa sauti. Nilichukua injini huria inayosoma kwa kanuni, kwa sababu haihitaji seva ya bei ghali.

Kanuni ya mkazo wa Kiswahili kila aliyesoma shule ya sekondari Kenya anaijua, maana tulifundishwa kwa jina la shadda mpaka tukaota: mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu wa programu akisikia kanuni fupi namna hiyo anafurahi kama mtoto aliyepewa mandazi. Nami nilifurahi. Furaha yangu ilidumu siku mbili.

Kwanza, maneno kama "mtu", "mbwa" na "nchi" yana vokali moja tu. Ukihesabu vokali, silabi ya pili kutoka mwisho haipo! Ni lazima uiambie mashine kwamba hapo "m" au "n" ni silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo. Halafu uiambie kwamba katika "mbuzi" hiyo hiyo "m" si silabi. Hilo nililitatua kwa usiku mmoja na chai ya rangi.

Pili, ujumbe wa kwanza kwenda kwa wafugaji ulisema: "Osheni mitungi barabara kabla ya kukamua." Hapa mkazo ungekuwa ba-RA-ba-ra, yaani vizuri, sawasawa. Mashine kwa utiifu wake ikaweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-ra-BA-ra. Njia ya magari. Mama mmoja mwenye umri wa nyanya yangu alinikuta sokoni akaniuliza, kwa Kiembu, kwa nini tunawatuma watu kuoshea mitungi njiani na vumbi lote lile. Nikamwambia, nyanya, ni mashine imekosea. Akasema, "Basi ifundishe, mwanangu, kabla haijatupeleka mtoni."

Msicheke. Kiembu ni lugha ya toni. Mtu aliyekua nayo amezoea tangu utotoni kwamba sauti ikipanda au ikishuka maana nayo inaweza kubadilika. Watu wa pwani wakisema sisi wa huku juu hatujui Kiswahili, sawa, nakubali tuna makosa yetu. Lakini masikio tunayo.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe.

Mteja wangu, shirika ambalo sitalitaja, alinipa orodha ya istilahi ambazo ujumbe wote ulipaswa kuzifuata. Kompyuta iitwe tarakilishi. Intaneti iitwe mdahalishi. Kompyuta ndogo ya kubebeka iitwe kipakatalishi. Nikajaribu kupinga, nikaambiwa kwamba hicho ndicho Kiswahili sanifu na ndicho kinachofunzwa shuleni. Haya, nikaandika: "Jumatano kutakuwa na mafunzo ya kutumia kipakatalishi kuweka hesabu za maziwa. Fikeni saa tatu." Mashine ikasoma vizuri kabisa, bila kosa hata moja: ki-pa-ka-ta-LI-shi.

Jumatano walifika watu sita. Siku ya pili nikaanza kuuliza waliobaki nyumbani. Walisikia, tena walisikia vizuri: kuna mtu anauza chakula cha ng'ombe. Kipakata-lishe! Mzee mmoja aliniuliza gunia moja ni shilingi ngapi na kama lina madini. Wengine walisema wana deni la chakula cha mifugo tayari, hawakutaka kuja kushawishiwa waongeze jingine. Mafunzo ambayo yangewasaidia kujua wanapunjwa lita ngapi kwa mwezi yakapita hivyo, kwa sababu ya neno.

Mteja alisema wafugaji hawajui Kiswahili. Mimi nasema wafugaji walikifuata Kiswahili kuliko aliyetunga neno, na nitaonyesha.

Kiswahili kina kalamu zake za kuandikia maneno ambatani. Moja huweka jina kuu mbele na kinachofafanua nyuma: barua pepe, punda milia, bwana shamba, nenosiri. Nyingine huchukua kitenzi, ikakivisha "ki-" au "m-" mbele, kisha ikaweka nyuma yake kile kinachotendwa: kipazasauti hupaza sauti, kipimajoto hupima joto, kiinuamgongo huinua mgongo wa mtu aliyestaafu, kifungua kinywa hufungua kinywa, mpigapicha hupiga picha, na kitindamimba ni yule aliyetinda mimba kwa mama yake. Mtoto wa miaka mitano anayekisikia Kiswahili kila siku, ukimtungia neno jipya "kikatanyasi", atajua bila kuambiwa kwamba ni kitu kinachokata nyasi.

Sasa mpe kipakatalishi. Kina "ki-". Kina kitenzi, pakata, yaani kumweka mtoto au kitu mapajani. Kisha kinachofuata, kwa sheria ya kalamu hiyo, ni kile kinachopakatwa. Kinapakata nini? Lishi! Mtunzi alitaka kusema "tarakilishi inayopakatwa". Akaikata tarakilishi kichwa, akabaki na mkia, akaubandika mahali ambapo sarufi inangojea kitu chenye maana. Mzee wa Kanja alipofika hapo akakuta silabi zinazofanana na lishe, na yeye ana ng'ombe. Ungekuwa wewe ungefikiria nini?

Na mkazo unalifanya jambo liwe baya zaidi. Watu wa istilahi huunda maneno kwa macho, kwenye karatasi, lakini neno huishi sikioni. Kwa sababu mkazo wetu uko karibu na mwisho, katika neno ambatani daima huangukia kipande cha nyuma. Kipima nini? JO-to. Kipaza nini? Sa-U-ti. Neno gani? La SI-ri. Barua gani? PE-pe. Kipande cha nyuma ndicho kinachojibu swali la msikilizaji, na mkazo unakigonga kipande hicho pale pale kilipozoea kugongwa kikiwa peke yake. Sauti ndani ya kipazasauti inasikika sawa na sauti ya kila siku. Kwa hiyo hata kama hujawahi kulisikia neno zima, sikio lako linashika kitu unachokijua.

Katika kipakatalishi mkazo unagonga "li", silabi ambayo haina chochote. "Pakata", ambayo ndiyo yenye maana pekee humo ndani, inapita harakaharaka bila mkazo kama abiria wa matatu lililojaa. Na tarakilishi yenyewe ni vile vile: mbele tunaona tarakimu, lakini tarakimu hugongwa kwenye "ki", ta-ra-KI-mu, na humu mkazo umehamia kwenye "li". Tarakimu haisikiki tena. Unaweza kuiona tu, tena ukiwa umesoma.

Linganisha na jirani zetu wa Tanzania, ambao husema kompyuta mpakato. Maneno mawili mazima. Kompyuta gani? M-pa-KA-to. Unasikia pakata humo ndani waziwazi. Neno lenyewe si zuri sana, sitawadanganya, lakini hakuna atakayefika na gunia.

Nilipokuwa nikitafuta faraja usiku nikakumbuka Kiesperanto. Ludwik Zamenhof alikichapisha Warsaw mwaka 1887, na sarufi yake ilikuwa na kanuni 16 tu. Kanuni ya 10 inasema mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kama sisi! Kanuni ya 11 inasema maneno ambatani huundwa kwa kuunganisha mizizi, na neno kuu huwa mwishoni. Mvuke ni "vaporo", meli ni "ŝipo", basi meli ya mvuke ni "vaporŝipo". Mvuke-meli, tungesema. Angalia jinsi kanuni hizo mbili zilivyo jirani na zinavyosaidiana: neno kuu liko nyuma, mkazo nao uko nyuma, kwa hiyo mkazo unaangukia meli. Msikilizaji anajua mara moja kwamba kinachozungumzwa ni meli. Mtu mmoja alikaa mezani, akaamua mambo yote mawili pamoja, yakafaana.

Kiswahili huweka neno kuu mbele. Mkazo unaangukia kifafanuzi. Hilo nalo linafaana, kwa namna yake, mradi kifafanuzi kiwe neno zima. Kipakatalishi kimefanya kitu cha ajabu: kimeweka neno kuu nyuma kama Kiesperanto, kikalikata, halafu kikavaa mavazi ya kipimajoto. Si Kiswahili, na hata Zamenhof asingelipokea.

Na Afrika tuna mfano wetu wa kujifunzia. Ukitengeneza programu yenye orodha ya kuchagua lugha, na ukachukua misimbo ya viwango vya kimataifa vya ISO 639-2, utakuta humo herufi tatu: afh. Mara ya kwanza nilidhani ni Kiafrikaans, kumbe Kiafrikaans ni afr. Hiyo afh ni Afrihili. Mghana mmoja, K. A. Kumi Attobrah, mzaliwa wa Akrokerri, alipata wazo hilo mwaka 1967 akiwa melini kati ya Dover na Calais, na mwaka 1970 akaitoa lugha yake. Jina ni Afrika na Kiswahili vilivyounganishwa. Sarufi aliichota hasa kwenye Kiswahili na Kiakan, lugha yake ya nyumbani, na maneno akayaokota kila pembe ya bara. Nia yake ilikuwa Waafrika wote waelewane bila lugha ya mkoloni. Namheshimu sana kwa hilo.

Lakini tazama maneno yake ambatani. "Kupitia" alilichukua kama lilivyo kwetu. "Paasa" ni nje. Akaviunganisha akapata "kupitia-paasa", na maana aliyoipa ni kote, mwanzo hadi mwisho. Kwa nini? Kwa sababu Waingereza wana "through" na "out", na wakiviunganisha wanapata "throughout". Mswahili akisikia mtu amepita nje anaelewa kwamba hakuingia kabisa! Mifupa ya neno ni ya Afrika, lakini fundi aliyeiunga alikuwa Kiingereza. Lugha iliyotungwa ili tuondokane na Kiingereza ilikibeba ndani ya vyungu vyake. Leo Afrihili ina msimbo wake katika orodha ya kompyuta, na hakuna soko barani ambako utanunua nyanya kwa lugha hiyo.

Najua mtaniambia: hata Kiswahili sanifu kilitungwa. Mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Ni kweli, na wenyeji wa Mombasa na Lamu wana haki ya kununa mpaka leo. Ila kamati ilichagua lahaja ambayo tayari watu walikuwa wakiota ndoto kwayo. Na sipingi kutunga. Kipazasauti kilitungwa na mtu, maana babu zetu hawakuwa na spika. Alitunga ndani ya kalamu iliyopo, akaenda zake, hakuna aliyelalamika.

Mtaniambia pia kuhusu ukimwi. Upungufu wa kinga mwilini, ukakatwa vipande, ukawa neno, na Afrika Mashariki nzima inalitumia. Tovuti nayo ni fupi na imekubalika kila mahali. Hapo sina jibu safi sana. Ninachoona ni kwamba maneno hayo ni mafupi, silabi tatu, na hayajifanyi kitu kingine. Ukimwi hauji umevaa kitenzi na kukuahidi kwamba nyuma kuna mtendwa. Unaukariri kama jina la mtu, basi. Uviko ulikuja mwaka 2021 kwa njia hiyo hiyo, ingawa huku kwetu watu waliendelea kusema korona. Kipakatalishi kina silabi sita na kinadanganya katikati.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Kijana wa jirani, yuko sekondari, aliandika insha akatumia "kompyuta mpakato" kwa sababu alilisikia kwenye redio ya Tanzania akalipenda. Akakatwa alama. Sahihisho kwa kalamu nyekundu: kipakatalishi. Kijana huyo huyo akienda kwenye duka la kuchapisha karatasi hapa Kanja na kuomba kutumia kipakatalishi, watamtazama kama aliyetoka mwezini. Tunamfundisha lugha ya kupitia mtihani, kisha tunashangaa akimaliza shule anakiacha Kiswahili getini. Na si hilo tu. Kuna chajio, chakula cha jioni kilichokatwa kikawa silabi tatu. Nyumbani kwetu hakuna mama aliyewahi kuita watoto kuja kula chajio.

Upande wa pili wako wenzangu wa programu, na nao nina neno nao. Wao husema yote haya ni kupoteza muda, tuandike kila kitu kwa Kiingereza. Ndugu zangu, yule nyanya wa mitungi hasomi Kiingereza. Kazi ya kuweka programu kwa Kiswahili si ndoto ya juzi: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, tena huria. Na leo Google wakikuomba nenosiri, ukiwa nayo mengi wanayaita manenosiri, na mashine haikosei, kwa kuwa neno kuu liko mbele na ndilo linalobeba wingi. Kwa mtu wa msimbo hiyo ni raha tupu. Hata kwenye mashine zinazofikiri tunabishana vizuri: akili bandia, akili mnemba, akili unde. Chagua unalotaka, yote matatu yana kichwa mbele na yanasikika.

Tena raia wa kawaida hawangoji kamati. Zile simu ndogo zenye tochi zilipoingia Kenya, watu waliziita mulika mwizi. Hebu lipitishe kwenye mtihani wangu. Kitenzi mbele, mtendwa nyuma. Inamulika nini? MWI-zi. Hakuna profesa aliyeketi na kulitunga. Aliyelitunga alikuwa anarudi nyumbani usiku na umeme umepotea.

Kwa hiyo nimeanzisha utaratibu wangu mdogo. Kabla ya kuweka istilahi yoyote kwenye huduma, nampigia simu mtu mzima asiyefanya kazi ya kompyuta, mashine inamsomea neno mara moja, kisha namwuliza amesikia nini. Simwambii maana. "Nenosiri" lilipita mara moja. "Kompyuta mpakato" ilipita baada ya kucheka kidogo. "Diskimweko" ilieleweka nusu, mtu alisikia mweko lakini akauliza ni wa radi au wa tochi. "Mdahalishi" lilinirudishia jibu kwamba ni mtu anayesimamia midahalo shuleni, na nikikaa nikalifikiria, siwezi kusema amekosea.

Mteja bado hajakubali orodha yangu mpya. Barua pepe yake ya mwisho inasema suala hilo litapelekwa kwenye kikao. Wakati huo mafunzo yamepangwa upya Jumatano ijayo, na ujumbe safari hii nimeurekodi kwa sauti ya binti wa duka la chini, bila mashine. Anasema: "Njooni na daftari zenu za maziwa, tutaonyeshwa jinsi ya kuweka hesabu kwenye kompyuta. Hakuna kinachouzwa."